Tiba ya mzizi wa jino: Maumivu kuisha si mwisho wa matibabu

KIJIWE kimoja ndani ya wali kinatosha kulipasua gego ambalo tayari limekwisha kuzibwa mara mbili au tatu. Mwenye jino hushika shavu, humeza vidonge vya kutuliza maumivu, na siku akifika kwa daktari wa meno ombi lake huwa moja tu: ling’olewe. Hata hivyo, si kila jino lililovunjika limekwisha. Mengi huweza kuokolewa kwa kuvikwa kofia, yaani kifuniko kinachotengenezwa kwa kipimo cha jino hilo hilo na kugandishwa juu yake.

Kofia si sawa na kuziba. Anayezibwa jino hujaziwa shimo, na kuta za jino ndizo zinazoishikilia dawa ya kuzibia. Shimo likiwa dogo, hilo linatosha na gharama yake ni nafuu. Likiwa kubwa, kuta hubaki nyembamba na kila tonge huzisukuma nje, mithili ya kabari inavyopasua ukuni. Kofia hulizunguka jino lote hadi karibu na ufizi na kulibana, kama pete ya chuma inavyouzuia mpini wa patasi usipasuke.

Wanaoihitaji zaidi ni waliotibiwa mzizi. Katika tiba hiyo daktari hulitoboa jino kwa juu, huondoa kiini kilichooza, husafisha mifereji ya mizizi na kuiziba. Maumivu huisha, na hapo ndipo hatari inapoanza. Mgonjwa hujiona amepona, hupiga hesabu ya gharama ya kofia, kisha harudi tena. Gego lililochimbwa katikati huendelea kutafuna mahindi ya kuchoma na mifupa, hadi siku linapopasuka wima kuelekea kwenye mzizi. Ufa wa namna hiyo kwa kawaida hauna tiba isipokuwa kung’oa, na fedha zilizolipwa kwa tiba ya mzizi hupotea. Meno ya mbele hayabebi mzigo mkubwa kiasi hicho, hivyo baadhi huweza kuzibwa tu.

Ili kuipatia kofia nafasi, daktari hulichonga jino pande zote kwa kiasi cha milimita moja hadi mbili. Kisha huchukua chapa ya meno kwa ute mzito unaoganda mdomoni kwa dakika chache. Katika maabara, fundi humimina jasi ndani ya chapa hiyo ili kupata mfano wa meno, na juu yake hufinyanga kofia ya nta. Nta huzungushiwa kalibu na kuyeyushwa, na madini ya moto huchukua nafasi yake. Ni kazi ya kisonara hasa. Ilienea katika tiba ya meno baada ya William Taggart wa Chicago kuitangaza mwaka 1907. Kwa wiki moja au mbili mgonjwa hukaa na kofia ya muda ya plastiki.

Njia ya mkato ilianza mwaka 1985 mjini Zurich, Uswisi, ambako mashine inayoongozwa na kompyuta ilichonga kipande cha kauri mgonjwa akisubiri. Mashine za aina hiyo zipo hadi leo, ila bei yake si ya kila kliniki.

Kofia ya madini matupu ni imara na huhitaji jino kuchongwa kidogo tu, lakini hung’aa. Ya kauri hufanana na jino, na ipo pia ya madini iliyofunikwa kauri. Kwa gego la nyuma kabisa, lisiloonekana hata mtu akicheka, kulipia urembo ni anasa.

Kinachoamua yote ni kilichobaki chini. Kofia huhitaji ukingo wa jino zima wa takriban milimita mbili juu ya ufizi, pamoja na mzizi ulio imara kwenye picha ya eksirei. Jino lililooza hadi ndani ya ufizi mara nyingi halina pa kuishikia.

Kofia yenyewe haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza, hasa pale ukingo wa kofia unapokutana na ufizi. Ikilegea, ipelekwe kwa daktari mapema. Kuigandisha nyumbani kwa gundi ya dukani huifunga pamoja na uchafu, na huenda isikae tena mahali pake.