Tasbihi ya Punje 256

Ukifungua Doom kisha usiguse chochote, baada ya sekunde chache mchezo huanza kujicheza wenyewe. Askari anakimbia ukumbini, anakata kona, anafyatua bunduki, zimwi linaanguka. Anayeona hivyo mara ya kwanza hudhani anatazama filamu. Hakuna filamu. Kilichohifadhiwa kwenye faili ni mienendo ya mchezaji tu: amesogea mbele kiasi gani, kando kiasi gani, amegeuka kiasi gani, amebonyeza nini. Ni baiti 4 kwa kila hatua, na mchezo hupiga hatua 35 kwa sekunde. Dakika nzima ya vita inakaa katika baiti 8,400, na picha moja ya simu inaweza kumeza saa kadhaa za vita hivyo.

Kwa hiyo kila rekodi kama hiyo, iitwayo demo, inapoonyeshwa, mchezo unachezwa upya kabisa, vitufe vikibonyezwa na mtu ambaye aliondoka kwenye kiti miaka ya 1990. Na kwa yeyote anayetaka kuhamishia Doom kwenye mfumo wa Linux wa leo, demo hiyo ndiyo kadhi. Akikosea jambo dogo, askari hukosa mlango kwa nusu unyayo, akabaki anaukimbilia ukuta na kupiga risasi hewani, huku mazimwi yakimla taratibu. Vitufe ni vilevile, ila ulimwengu umehama kidogo.

Lakini mazimwi si hubahatisha? Bastola ya Doom huumiza kwa pointi 5, 10 au 15, na mchezaji hajui atapata ipi. Siri ni kwamba bahati yenyewe imeandikwa. Ndani ya msimbo mna orodha ya namba 256 zisizobadilika, inayoanza 0, 8, 109, 220. Kila mchezo unapohitaji bahati, husogea namba moja mbele. Ukifika mwisho, huanza upya. Ni tasbihi ya punje 256. Toleo jipya likiruka punje moja tu, labda kwa sababu mwandishi wake kaongeza cheche za kupendeza ukutani na kuzichukulia bahati humo humo, hesabu yote inayofuata imeharibika. Waundaji waliliona hilo mapema: mambo ya menyu na mapambo yana kidole chake cha pili kwenye orodha ileile, ili yasiguse kile cha vita.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi, nalo lilitokana na umaskini wa mashine. Doom ilipotoka Desemba 10, 1993, ilipaswa kukimbia kwenye kompyuta za 386 zenye kumbukumbu ya megabaiti 4, na nyingi hazikuwa na kipande cha kukokotoa desimali. John Carmack na wenzake wa id Software, kampuni iliyouunda mchezo, wakaepuka desimali: thamani huzidishwa kwa 65,536 na kuhifadhiwa kama namba kamili. Desimali za kawaida zina ujeuri wake, maana kompyuta mbili zinaweza kukadiria tarakimu ya mwisho kwa namna tofauti, na baada ya hatua elfu moja askari wako yupo chumba kingine. Namba kamili hazina mjadala. Ubahili ule ndio unaoifanya demo ya zamani ichezeke sawasawa kwenye kichakataji ambacho wakati ule hakikuwepo.

Mchezo huu ulikuwa na udugu na Linux tangu utotoni. Ingawa uliuzwa kwa watumiaji wa DOS, uliandikwa kwenye kompyuta za NeXT, zenye mfumo wa ukoo wa Unix, na sehemu kubwa ya msimbo ni lugha ya C. Dave Taylor, mmoja wa waandishi wa programu wa id, alitoa toleo la Linux mwaka 1994. Mwishoni mwa 1997 kampuni ilipoutoa msimbo kwa umma, ilitoa huo wa Linux, kwa kuwa ule wa DOS ulitegemea maktaba ya sauti iliyokodiwa kwa mtu mwingine. Mwaka 1999 ukawekwa chini ya leseni ya GPL.

Ukiuchukua msimbo ule kama ulivyo na kuujaribu kwenye Linux ya sasa, utaumbuka. Unadai skrini ya rangi 256, ambayo kompyuta za leo hazitoi bila hila. Unaamini pia kwamba anwani ya kumbukumbu ni baiti 4, ilhali kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 8. Mahali fulani hutenga nafasi ya idadi ya picha mara 4, kisha humwaga humo anwani zenye upana mara mbili, na programu inazirai kabla ya kuonyesha chochote.

Hapo ndipo matoleo mapya yanapoachana njia. Mengi huongeza taa, vivuli na picha laini, na sina ugomvi nayo. Mimi ni wa Chocolate Doom, iliyoanzishwa na Simon Howard mwaka 2005, inayopatikana kwenye hazina za programu za Debian na Ubuntu. Hii hurekebisha anwani na skrini, lakini makosa ya mchezo inayatunza kama urithi. Doom ya awali ilihesabu vipande vya sakafu na dari vinavyoonekana kwa pamoja, na vikizidi 128 ilijifunga yenyewe. Chocolate Doom nayo hujifunga. Kuna watu wanaochora ramani mpya na wanataka kujua kama zingekubali kwenye mchezo halisi, na toleo lenye huruma lingewadanganya.

Hata umbo la picha lina hila yake. Vidoti 320 kwa 200 vilitandazwa kwenye skrini za uwiano wa 4 kwa 3, hivyo kila kidoti kilikuwa kirefu kuliko upana wake. Ukivichora mraba, kila zimwi linaonekana limechuchumaa. Chocolate Doom hunyoosha picha kwa asilimia 20 kwenda juu, na askari anarudia kimo chake.

Ukishaisakinisha utahitaji faili la data, kwa kuwa leseni ilifungua msimbo, si ramani wala picha. Sehemu ya kwanza ya mchezo iligawiwa bure tangu 1993, kama megabaiti 4 hivi, nayo inatosha. Iwashe, kisha usiguse kitu. Askari atakata kona ileile, na mlango ataupata.