Kipandauso (2): Maumivu Yanapomfikisha Mgonjwa Hospitalini

Mkazi wa kisiwa cha Songosongo akishikwa na kipandauso kikali, huanza na panadol. Akitapika, kidonge nacho hutoka. Maumivu yakigoma kutulia, ndugu humpandisha boti kuelekea bara, kanga usoni kwa kuwa mwanga wa bahari haustahimiliki, hadi afikishwe Kinyonga, hospitali ya wilaya iliyopo Kilwa Kivinje.

Hapo tabibu hakimbilii sindano. Pwani ya Lindi malaria ingali ipo, hivyo kipimo chake hutangulia, pamoja na cha shinikizo la damu. Kwa mjamzito kipimo hiki cha pili ni cha kufa na kupona: maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu vinaweza kutangulia kifafa cha mimba. Homa yenye shingo ngumu huashiria homa ya uti wa mgongo. Maumivu yaliyolipuka ghafla, au yaliyoambatana na kupooza upande mmoja, huzua hofu ya kiharusi au damu kuvuja kichwani, na rufaa haisubiri kesho.

Hayo yakiondolewa, kipandauso chenyewe hushughulikiwa.

Bila tiba, shambulio hudumu saa 4 hadi 72, na muda huo tumbo huzubaa. Kidonge hukaa humo bila kufyonzwa inavyotakiwa. Ndiyo sababu dawa hupitishwa kwa sindano. Metoklopramidi, miligramu 10 kwenye mshipa, huzuia kutapika na pia hupunguza maumivu. Daiklofenaki hufuata, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba. Aliyekaukiwa maji hutundikiwa dripu, akalazwa penye giza na utulivu. Pethidini na jamii yake huepukwa, kwa sababu huzoesha mwili na maumivu hurejea upesi.

Wagonjwa si wachache. Utafiti wa nyumba kwa nyumba vijijini kusini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kipandauso kwa takriban watu 5 katika kila 100, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Kuruhusiwa kurudi nyumbani si mwisho wa tiba. Anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi anaweza kuishia kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa hizo hizo. Huyo aombe dawa ya kinga, kama propranololi, ambayo mwenye pumu hapewi, au amitriptilini. Aandike pia tarehe za kila shambulio na kila dawa aliyomeza, kisha aende na daftari hilo kliniki.