Kule Ulilipia Chungu

Jani la kwanza lilidondoka Jumatano. La pili nililigusa tu kwa ncha ya kidole, likaachia shina: laini, la njano, limejaa maji hadi mwanga unapenya. Kufika Jumapili, Echeveria yangu iliyokuwa imejikunja vizuri kama waridi ilikuwa kikonyo kitupu chenye majani manne kileleni. Nililinunua ua hilo kwa shilingi 25,000, ndani ya chungu cheupe cha kauri, kwenye duka la mapambo lenye kiyoyozi.

Wiki iliyofuata nikasimama kwa wauza maua wa barabarani, hapa hapa Dar es Salaam. Ua la aina ile ile, likiwa kwenye kiriba cheusi cha nailoni, nikauziwa 6,000. Nikamsimulia kijana aliyeniuzia yaliyonikuta.

"Dada, kule ulilipia chungu," akacheka. "Ua walikupa nyongeza. Tundu chini lipo?"

Halikuwepo. Na hapo ndipo hesabu yote inapoanzia, kwa sababu mmea wa majani manene hufa kwa maji mara nyingi kuliko kwa kiu. Majani yake ndiyo ghala. Hata vitundu vyake vya kupumulia huvifungua zaidi usiku, kukiwa na ubaridi, ili usipoteze maji mchana. Ukimwagilia chungu kisicho na tundu, maji hutuama chini usikoona, mizizi hukosa hewa na kuoza, na majani huanza kuachia kuanzia chini. Msimu wa masika, hewa ya pwani ikiwa nzito, udongo wa ndani ya nyumba unaweza kukaa wiki nzima haujakauka.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, okota jani uliangalie. Likiwa la njano na limelegea kama embe lililoiva kupita kiasi, umezidisha maji. Likiwa jembamba lenye makunyanzi, mmea una kiu, na dawa yake haigharimu kitu. Yakikauka mawili matatu ya chini kabisa, yakawa kama karatasi huku juu kumestawi, huo ni uzee tu. Yaondoe uendelee na shughuli zako. Shina likirefuka na majani yakaachana mbalimbali, mmea unatafuta mwanga: usogeze dirishani taratibu, maana ukiutoa kivulini na kuuweka ghafla kwenye jua la saa saba utaungua. Ukiona vitu vyeupe kama pamba penye maungio ya majani, hao ni vidung'ata. Kijiti chenye pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya duka la dawa kinawatosha, ilimradi urudie kila baada ya siku chache.

Sasa vyungu. Cha udongo wa kuchomwa nilikipata kwa 4,000, cha plastiki 1,500. Kwa pwani ningeongeza hela nichukue cha udongo, kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu na udongo hukauka mapema. Kwa mtu wa Dodoma, kwenye ukavu ule, au anayesafiri mara kwa mara, cha plastiki si kibaya hata kidogo. Na asiyetaka gharama achukue kopo la maziwa ya unga, apige matundu manne chini kwa msumari. Mmea hauna maringo.

Kwenye udongo ndiko wengi tunakopigwa. Mfuko wa udongo wa bustani niliulipia 5,000, na umejaa samadi inayoshika maji, kitu kinachofaa mchicha. Niliupunguza hadi nusu, nusu nyingine nikatia mchanga wa mto na chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia. Muuza mkaa wa mtaani kwetu alinipa bure. Mchanga wa ufukweni pia ni bure, lakini una chumvi, uache huko huko.

Kuhusu ua lenyewe, nina msimamo. Echeveria nyingi asili yake ni Meksiko, na hufurahia sehemu zenye usiku wa baridi kidogo. Arusha au Nairobi utahangaika nazo kidogo kuliko Dar. Anayeanza huku pwani namshauri mshubiri, au Sansevieria, ule wenye majani marefu kama upanga, ambao jamaa zake wengi wanaota porini Afrika Mashariki. Mwagilia pale tu unapochomeka njiti hadi chini ikatoka kavu. Ratiba ya kila Jumamosi ndiyo iliyoniponza.

Yale majani manne sikuyatupa. Nilikata kichwa kwa wembe wa 200, juu ya sehemu iliyooza, nikakiacha kivulini siku nne hadi kidonda kikakauka, ndipo nikakiweka juu ya mchanganyiko wangu bila kumwagilia. Jani moja gumu, lililong'oka zima na kitako chake, nalo nililaza pembeni. Baada ya wiki kadhaa lilitoa vijizizi vya rangi ya waridi, vyembamba kama uzi.

Chungu cheupe nilikipeleka kwa fundi wa vigae akitoboe. Alitaka 5,000, bila dhamana kwamba hakitapasuka. Sasa nawekea vijiko.