Wimbo wa Debora: Nani Alikuja, Nani Alibaki?



Kikundi kimoja cha akina mama karibu na Malaba kilituandikia barua baada ya kazi ya kujengea chemchemi. Siku hiyo wanachama walikuwa wamekubaliana kubeba mawe na mchanga. Wengi walifika mapema, na majembe na karai. Watatu hawakuonekana. Kwenye mkutano uliofuata mama mmoja anayependa sana Biblia akasimama, akafungua Kitabu cha Waamuzi sura ya 5, akasoma mstari wa 23, ule wa kuwalaani watu wa Merozi kwa sababu hawakuja kusaidia. Akawatazama wale watatu. Wawili walinyamaza. Wa tatu alichukua leso yake akatoka, na mpaka barua inaandikwa hakuwa amerudi kikundini. Swali lao lilikuwa fupi: je, ilikuwa haki kusomewa hivyo?

Tulikwenda kukaa nao mara mbili, sura yenyewe ikiwa magotini. Tunaona vikundi vingine pia vinaweza kufaidika, maana wimbo huu unapendwa na wengi wanaochukua mstari mmoja tu na kuacha mingine thelathini. Fungueni Biblia zenu, mwanzie sura ya 4, halafu ya 5.

Wakatoliki wengi hawaujui wimbo huu. Ule wa Kutoka sura ya 15, wa Musa na Miriamu kando ya bahari, tunauimba kila Mkesha wa Pasaka. Lakini wimbo wa Debora hausomwi katika Misa za Jumapili. Ni mojawapo ya maandishi ya kale kabisa katika Biblia nzima. Wataalamu wengi wa Kiebrania wanaona ulitungwa karibu na wakati wa vita vyenyewe, yaani miaka kama 3,000 na zaidi iliyopita. Kiebrania chake ni kigumu hata kwao, ndiyo maana ukilinganisha Biblia mbili unaweza kukuta mstari mmoja una maana mbili.

Sura ya 4 ni habari, sura ya 5 ni wimbo, na hazisemi mambo sawasawa. Katika habari, Baraka anakusanya watu 10,000 kutoka Naftali na Zabuloni. Katika wimbo makabila yaliyokuja ni sita. Katika habari, Sisera anauawa akiwa amelala usingizi chini ya blanketi. Katika wimbo anaanguka miguuni pa mwanamke. Msishtuke. Hata kwetu, mzee akizikwa, akina mama wanapoimba juu yake hawasemi alizaliwa hospitali gani. Ukitaka tarehe, muulize katibu. Ukitaka kujua watu walihisi nini, sikiliza wimbo.

Barabara zilipokufa

Wimbo hauanzi na mapanga. Baada ya kumsifu Mungu, unaanza na barabara. Mstari wa 6 unasema kwamba siku hizo njia kuu zilibaki tupu, na wasafiri wakapita vijia vya kando vinavyopindapinda. Tuliposoma hapo, mama mmoja alicheka akasema, "Kumbe hata wao walikuwa na njia za panya!"

Ndiyo, walikuwa nazo. Na sisi watu wa mpakani tunaelewa mstari huu kuliko watu wa Nairobi. Desemba 1987, askari wa Kenya na wa Uganda walipigana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa. Januari 2008, baada ya uchaguzi, barabara ya kutoka Mombasa ilizibwa na vijana huko mbele, malori yakakwama, na Uganda ikakosa mafuta. Machi 2020 Uganda ilifunga mpaka kwa abiria kwa sababu ya korona, na baadaye foleni ya malori pale Malaba ikawa ya kilomita nyingi, madereva wakilala chini ya magari wakingoja vipimo. Kila mara ni yule yule aliyeumia kwanza: mama wa nyanya, mama wa omena, mama wa mayai, kijana wa bodaboda. Mwenye lori hungoja. Mwenye beseni la nyanya hawezi kungoja, zinaoza. Basi anapita kichakani, na kichakani hana haki, akinyang'anywa hana pa kushtaki.

Hivyo ndivyo Yabini mfalme wa Hasori alivyowabana Waisraeli miaka 20. Alikuwa na magari ya chuma 900, na mwenye magari ndiye mwenye nchi tambarare na njia zake. Mstari wa 7 una neno moja la Kiebrania ambalo wengine hulitafsiri kuwa viongozi, na wengine kuwa wakaaji wa vijijini. Sisi tunaliona hili la pili linafuata vizuri zaidi: barabara zikifa, vijiji navyo vinakufa. Ndipo Debora akainuka, na anajiita mama katika Israeli. Hakuwa malkia. Alikuwa akikaa chini ya mtende, watu wakimletea kesi zao.

Ushindi ulikujaje? Si kwa silaha. Wimbo unasema kati ya watu 40,000 haikuonekana ngao wala mkuki. Unasema nyota zilipigana na mto Kishoni ukawafagia adui. Mwenye kujua Budalang'i wakati Nzoia inafurika hahitaji maelezo marefu. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi, lori lenye nguvu ndilo linalozama kwanza, na mtu wa miguu anapita kando akilitazama. Magari 900 yaligeuka kuwa mzigo.

Daftari la Debora

Sasa tufike penye ugomvi. Kuanzia mstari wa 14 mpaka wa 18 wimbo unakuwa kama daftari la mahudhurio. Waliokuja wanatajwa: Efraimu, Benyamini, Makiri, Zabuloni, Isakari, Naftali. Zabuloni na Naftali wanasifiwa zaidi kwa sababu walihatarisha maisha yao. Halafu wanatajwa waliobaki nyumbani, na kila mmoja anaambiwa alikuwa wapi.

Reubeni walifikiri sana. Walijadili, wakapima moyoni, na mwisho wakabaki mazizini wakisikiliza filimbi za wachungaji. Sisi tuliozoea kamati tunawajua Reubeni: kumbukumbu za mkutano zimeandikwa vizuri, ajenda ziko saba, na chemchemi bado ina matope. Gileadi walikaa ng'ambo ya Yordani, mto ulikuwa katikati. Dani walikuwa kwenye merikebu. Asheri walikaa pwani, bandarini kwao.

Angalieni vizuri wanafanywa nini hawa wanne. Wanaulizwa, hasa Reubeni na Dani. Wanachekwa kidogo. Aibu wanaipata, kwa kuwa wimbo utaimbwa na watoto wa watoto. Lakini hawatozwi kitu, hawafukuzwi, hawalaaniwi. Katika vitabu vinavyofuata bado Reubeni ni Israeli na Asheri ni Israeli. Tena Yuda na Simeoni hawatajwi kabisa, si kwa sifa wala kwa lawama, na hakuna anayewauliza.

Na kwa nini hawalaaniwi? Jibu liko mstari wa 2 na wa 9, ile ambayo watu hupita haraka. Hapo Debora anamshukuru Mungu kwa ajili ya watu waliojitolea kwa hiari yao. Hilo ndilo jambo linaloufurahisha wimbo kuliko yote. Hapakuwa na mfalme wa kuwalazimisha. Kujitolea kukilazimishwa si kujitolea tena, ni kodi. Wenye umri wetu wanakumbuka harambee za lazima, kuku akichukuliwa uani kwa jina la maendeleo. Madarasa mengine yalijengwa, hatukatai. Lakini watu walijifunza kujificha wakisikia neno "harambee", na mpaka leo kuna vijiji ambako ukiitisha kazi ya pamoja wanauliza kwanza nani atakula.

Lakini Merozi je? Merozi wamelaaniwa, ni kweli, hatuwezi kuufuta mstari. Mahali penyewe hapajulikani leo kwa hakika, na Biblia haiwataji tena popote. Ila someni anayesema. Si Debora, wala si Baraka jemadari. Wimbo unasema wazi kwamba ni malaika wa Bwana. Debora mwenyewe, ambaye alikuwa mwamuzi na nabii, akiwa na kila sababu ya kukasirika, anaishia kwenye kuuliza na kucheka. Basi mwanachama wa kikundi cha chemchemi amepata wapi ruhusa ya kumzidi Debora? Mama aliyesoma mstari ule alinyamaza hapo. Tunamheshimu, kwa sababu alitusikiliza na hakufunga Biblia yake.

Yaeli na mama yake Sisera

Hatutaki kukwepa sehemu inayowasumbua wengi. Sisera anakimbia kwa miguu, anafika hemani kwa Yaeli, anaomba maji, anapewa maziwa, halafu anauawa kwa kigingi cha hema na nyundo. Kwetu mgeni aliyekunywa kwako haguswi. Mzee mmoja alituambia, "Huyo mama alivunja mwiko," na hatukumbishia.

Ila tujue Yaeli alikuwa nani. Alikuwa mke wa Heberi Mkeni. Nyumba ya mumewe ilikuwa na amani na Yabini, lakini Wakeni walikuwa ndugu wa Israeli kwa upande wa wakwe wa Musa. Alikuwa mwanamke wa mpakani hasa. Wateso wa Malaba wenye shangazi Tororo, na Wasamia wenye mashamba pande zote mbili, wanaelewa maana ya kuulizwa siku moja, bila kutarajia, wewe ni wa wapi. Wimbo unamsifu kuliko wanawake wengine, kwa sifa inayokaribia sana ile ambayo Elisabeti alimpa Bikira Maria na ambayo tunaisali katika Salamu Maria. Maria hakushika nyundo. Kanisa limeuweka wimbo wa Yaeli ndani ya Biblia, lakini halijamwambia mtu yeyote aende akamfanyie jirani yake vile. Tuliona mwaka 2008 mambo yanavyokuwa watu wakianza kuimba kwamba jirani ni adui.

Na wimbo wenyewe haumalizii kwa Yaeli. Kuanzia mstari wa 28 tunaonyeshwa mama yake Sisera dirishani, akiuliza kwa nini gari la mwanawe linachelewa. Mabibi walio naye wanamjibu, naye anajijibu vile vile, kwamba lazima wanagawana nyara: msichana mmoja au wawili kwa kila askari, na nguo za rangi zilizotariziwa. Neno la Kiebrania waliloweka kwa msichana lina maana ya tumbo la uzazi. Si jina la mtu, ni kiungo tu. Na linatoka kinywani mwa mwanamke mwenzao, amekaa nyumbani kwa raha. Hapo tunajua wasichana wa vijiji vya Debora wangefanywa nini kama mto usingefurika.

Wengine husema wimbo unamdhihaki tu yule mama. Unamdhihaki, ndiyo. Lakini tuliposoma kwa sauti pale Malaba hakuna aliyecheka. Mama mmoja mzee alisema Desemba 1987 mwanawe alikuwa amevuka na baiskeli asubuhi ile ile, na yeye alisimama mlangoni mpaka usiku akijiambia amepata wateja wengi. Alirudi siku ya tatu. "Mimi nilijiambia uongo kama huyu," akasema.

Kuhusu swali la kikundi. Tulipouliza polepole, wale watatu walikuwa na habari tatu. Mmoja alikuwa Uganda kufuata maharagwe, kama Dani kwenye merikebu zake. Mmoja alikuwa na mtoto mwenye malaria. Yule aliyetoka na leso hakutoa sababu, na wenzake wanasema labda hakutaka tu kubeba mawe. Katiba yao ina faini ya shilingi 50 kwa anayekosa kazi bila kutoa habari. Tuliwaambia faini ni haki, kwa sababu walikubaliana wote na kuiandika kabla. Laana hawakuiandika popote. Tuliwaambia pia kumuuliza mtu alikuwa wapi ni haki, hata mbele ya wote, maana Debora aliuliza. Walikubali, ingawa wawili walisema tunalea uvivu.

Mstari wa 11 unasema habari za ushindi zilikuwa zikisimuliwa mahali pa kuteka maji. Chemchemi yao sasa ina bomba mbili na ukuta wa saruji, maji ni safi. Yule mama anateka hapo pia, lakini anakuja alfajiri kabla ya wengine, na akikuta mtu anangoja mbali. Mama mwenyekiti ametuambia Jumamosi atakwenda nyumbani kwake, peke yake, bila daftari.