Kazi za Mbali na Ndugu wa Endagikot (2): Anayetuma na Anayetumiwa

Katika sehemu ya kwanza tulitazama sababu za kuondoka. Shamba la babu lililotosha nyumba moja limegawiwa wana, wana wakaligawia wajukuu, na sasa katika kata ya Endagikot, ndani ya Halmashauri ya Mji wa Mbulu, wapo vijana ambao urithi wao ni kipande cha kupanda maharage ya msimu mmoja. Basi wanashuka. Nasema wanashuka kwa sababu Mbulu iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa: uwe unakwenda Arusha, Mirerani, Moshi au Dar es Salaam, safari inaanza kwa kuteremka.

Leo swali ni jingine. Mtu akishashuka, nini humfanya aendelee kuhesabiwa kuwa wa nyumbani? Wengi hujibu kwa neno moja: pesa. Nakubaliana nao nusu.

Kabla ya mwaka 2008, Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini, fedha za mjini zilipanda Mbulu kwa hawala ya posta, au ndani ya bahasha aliyokabidhiwa kondakta au jirani anayerudi likizo. Zilifika, zilichelewa, au zilipungua njiani. Siku hizi zinafika papo hapo, na maombi nayo yameongeza mwendo: ada, dawa, mbolea, mchango wa harusi, na mwisho wa kila ombi maneno ambayo kila Mtanzania anayefanya kazi mbali anayajua: "Tuma na ya kutolea." Serikali ilipoweka tozo za miamala Julai 2021, mlinzi wa Arusha alikatwa alipotuma, na mama yake akakatwa alipotoa. Wananchi walipiga kelele, na Septemba mwaka huohuo tozo zikapunguzwa.

Lakini tazama pesa hiyo inavyopokewa. Mama mtu mzima anafika kwenye kibanda cha wakala na simu ya kitochi iliyofungwa raba ili betri isidondoke. Ujumbe anasomewa na wakala. Namba ya siri anaijua mjukuu wa darasa la tano, ndiye anayebonyeza. Noti hazijamaliza kuhesabiwa, na baba mdogo aliyesimama nje ameshajua kilichoingia, anasubiri kukumbushia deni la mbegu. Aliyeko mjini haoni haya yote. Anadhani ametuma kwa mama, kumbe ametuma kwa ukoo mzima.

Tena mtumaji wa pesa tu yuko kwenye hatari asiyoiona: polepole anageuka mfadhili. Anapigiwa simu kukiwa na shida, hapigiwi kukiwa na habari njema. Shamba likiuzwa anaambiwa baadaye. Mdogo wake akitaka kuoa, anatajiwa kiasi cha mchango kabla ya kutajiwa jina la mchumba. Malalamiko haya nimeyasikia kwa wanaume na wanawake, na lawama huwaangukia wa nyumbani kwamba wana tamaa. Mimi naona tatizo liko kwenye uhusiano wenyewe. Undugu ambao mmoja hutoa na mwingine hupokea siku zote hauwezi kudumu kuwa undugu, hata wote wawili wawe watu wema.

Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, walijenga undugu wao kwa kushikiana mali, na mali kubwa ni ng'ombe. Kwa desturi yao ya siku nyingi, mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani kwake. Wengine huwakabidhi kwa ndugu, shemeji au rafiki. Mtunzaji hunywa maziwa na hupata samadi, na katika mashamba madogo yanayolimwa mwaka hata mwaka, samadi ndiyo uhai wa shamba. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukiingia katika zizi moja, mali yote haiteketei, na mpita njia anayechungulia boma la mtu hawezi kujua ana ng'ombe wangapi.

Sasa iweke desturi hii mikononi mwa fundi ujenzi aliyeko Dar es Salaam. Akiwa na jike mmoja kwa shemeji yake, ana sababu ya kupiga simu ambayo si shida. Ameshazaa? Jike au dume? Amechanjwa? Shemeji naye atapiga kuuliza kama auze dume kabla bei haijashuka. Hapo aliye mbali ana neno katika mambo ya nyumbani, na aliye nyumbani ana maziwa ya watoto wake kila asubuhi. Kijana anayeanza kazi akiniuliza afanyie nini akiba yake ya kwanza, humwambia anunue mtamba, amkabidhi mtu anayemwamini, na makabidhiano yafanyike mbele ya wazee.

Tena kuna viroba. Msimu wa mavuno, pale stendi ya Mbulu, utaviona vimeshonwa mdomo, jina na namba ya simu vimeandikwa ubavuni kwa makapeni: mahindi, maharage, vitunguu saumu vya Bashay. Mtu wa hesabu atasema maharage yanapatikana hata Kariakoo, ya nini kulipia mzigo kwenye basi? Hesabu yake ni sahihi, lakini inaacha kitu. Aliyepokea kiroba amekumbukwa bila kuomba. Siku hiyo yeye ndiye aliyetumiwa.

Kazi za mbali si jambo geni kwa wazee wa Mbulu, ila umbali wao ulikuwa wa aina nyingine. Walowezi wa Kijerumani walipofungua mashamba ya kahawa Oldeani, upande wa Karatu, katika miaka ya 1920 na 1930, aliyekwenda kuchuma kahawa aliweza kurudi kwa miguu kupalilia kwake. Walioonja utengano mkali ni manamba waliotoka Kigoma, Singida na Songea kwenda mashamba ya mkonge. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na mtu alihesabiwa kwa kipande chenye siku 30 za kazi. Wengi wao hawakurudi tena kwao, na wajukuu zao leo ni watu wa Tanga na Morogoro.

Kinachofanana na hali hiyo kwa sasa nakiona Mirerani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wetu wenyewe wa Manyara. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, kwa kawaida hana mshahara. Hulishwa, hushuka shimoni, na hupata mgao pale mawe yanapotoka. Yasipotoka mwaka mzima, hana cha kutuma. Na asiye na cha kutuma huona haya kurudi, tena huona haya hata kupiga simu. Wapo akina mama wasiojua kama mtoto wao yu hai, na yeye yuko mwendo wa siku moja tu kwa basi. Mvua za Aprili 1998 zilipofurika mashimoni na kuua wachimbaji wengi, ziko familia zilizosubiri miili isipatikane. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo hayo, uliozinduliwa mwaka 2018, unalinda mawe yasitoroshwe. Kijana anayezama humo bado hana mkataba unaomfikisha nyumbani Krismasi.

Binti wa kazi za ndani ana shida nyingine. Yeye mshahara anao. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 ilimwekea anayeishi kwa mwajiri wa kawaida Sh60,000 kwa mwezi. Toa humo nauli ya kwenda na kurudi Mbulu, utaona kwa nini likizo ya siku 28 aliyopewa na sheria huishia kuliwa hapohapo kazini. Wazazi wengine hupokea mshahara wa binti moja kwa moja kutoka kwa mwajiri, na binti hajui hata lini umelipwa. Hili nalipinga waziwazi. Mshahara ni wake. Akitaka kutuma, atume mwenyewe, ili nyumbani wajue ni yeye aliyetuma.

Yote haya, ng'ombe, kiroba na simu, yanafika mwisho mbele ya jambo moja, nalo ni msiba. Kwa watu wa Mbulu mazishi hayana mwakilishi. Rambirambi ya simu hupokewa kwa shukrani na kuandikwa daftarini, lakini ambaye hakuja hakuja, na watu watakumbuka. Jirani zao Wabarabaig wa Hanang humwekea mzee aliyeheshimika tuta la kaburi, bung'eda, na sherehe zake huchukua miezi. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yalipotwaa malisho yao huko Basotu, ekari zinazokaribia 100,000, matrekta yalilima hata makaburi, na kilio cha Wabarabaig kuhusu makaburi hayo kilikuwa kikubwa kama kilio cha malisho. Mahali alipolala baba ndipo nyumbani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo akifiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Zaidi ya hizo, mpaka mwajiri aridhie, na hazina malipo. Kwa anayetoka Dar es Salaam kwenda Endagikot, siku ya kwanza na ya mwisho ziko barabarani. Zinabaki mbili za kuzika, kukaa na wafiwa na kusikiliza maneno ya ukoo. Kisha soma orodha tena: baba mdogo hayumo. Mama mkubwa hayumo, mjomba hayumo, mkwe hayumo. Mtu aliyelelewa na baba mdogo tangu akiwa mchanga hana siku hata moja ya kumzika kwa haki ya sheria. Anategemea huruma ya msimamizi wake.

Nawaomba wabunge wetu waitazame orodha hiyo upya. Sheria ikisubiriwa, waajiri wasisubiri: mfanyakazi anayesema amefiwa na baba mdogo hadanganyi, na siku tatu za kwenda kuzika hazitafunga kiwanda. Nawe msomaji uliye mbali, kama wazazi wako wamezeeka, tenga leo nauli ya kwenda na kurudi, uiweke pasipoguswa.

Wiki ijayo tutawatazama walimu na wauguzi waliopangiwa vituo Mbulu kutoka mikoa mingine, na safari ndefu ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza.