Magofu ya Warumi Tunisia: anayekula ni mwenye gari

Katika kituo cha louage (teksi za abiria wa pamoja) mjini Tunis, dereva hutaja jina la mji mmoja tu, akilirudia mpaka viti vinane vijae. Mstari mwekundu ubavuni mwa gari ni safari ya mbali, wa buluu ni ya mkoani. Mtalii hatasubiriwa wala hatawahishwa. Anayekwenda kwenye magofu ya Dougga hushuka Téboursouk, kisha hupatana na mwenye teksi: kumpandisha mlimani, kumngoja, kumrudisha. Hapo ndipo ilipo pesa ya magofu. Kiingilio chenyewe ni dinari chache, nacho hukusanywa na wakala wa serikali.

Kwa uzuri, Dougga ingestahili kuongoza: hekalu la mwaka 166, ukumbi wa maonyesho wa watu 3,500, mashamba ya ngano yakiwa yametanda chini yake. Lakini biashara hufuata barabara. El Jem iko kando ya barabara kuu ya Tunis na Sfax, karibu na hoteli za ufukweni Sousse. Uwanja wake wa mapambano wa karne ya 3, wa watazamaji wapatao 35,000, ulisimama kwa utajiri wa mafuta ya zeituni, na mizeituni ingali imeuzunguka mji. Mabasi hushusha wageni, wakapiga picha, wakanywa kahawa, wakawahi chakula cha jioni hotelini, ambacho wamekwisha kukilipia Ulaya.

Mwaka 2015 ulionyesha nani anategemea nini. Machi, wageni walishambuliwa katika makumbusho ya Bardo, yenye hazina ya mozaiki za Kirumi. Juni, watalii 38 wakauawa ufukweni Sousse. Uingereza iliwashauri raia wake wasiende, na ushauri huo ukadumu hadi Julai 2017. Louage haikukosa abiria, kwani abiria wake ni wanafunzi na wachuuzi. Mgeni ni nyongeza. Aliyeumia ni mwongoza watalii na yule wa teksi ya mlimani.

Mgeni anayefaa zaidi miji ya ndani, kwa maoni yangu, ni yule anayekodi gari na kufika hadi Sbeitla, ambako mahekalu matatu yamesimama bega kwa bega. Huyo hujaza mafuta njiani, hula mgahawani, na giza likimkuta hutafuta chumba. El Jem, kwa upande wake, hujaza uwanja kwa matamasha ya simfoni kila kiangazi. Muziki ukiisha, mabasi huwashwa, wageni wakarudi pwani kulala.