Doa jeusi kwenye kioo cha simu: kwa nini fundi hawezi kulifuta

Simu imekuponyoka ukishuka matatu Changamwe. Kioo kina ufa mdogo tu, lakini pembeni pameingia doa jeusi kama wino, na kufika kesho yake limekua. Ukiwa na simu ya LCD, doa hilo halisafishiki hata kwa fundi hodari wa Kisauni. Sababu iko ndani ya kioo chenyewe.

LCD ni vioo viwili vyembamba. Katikati mna fuwele miminika, kitu kinachotiririka kama mafuta ilhali molekuli zake, zenye umbo la vijiti, hulala upande mmoja. Upande huo hupangwa kiwandani: kila kioo hupakwa utando wa plastiki iitwayo poliimidi, kisha husuguliwa kwa kitambaa cha mahameli kuelekea upande mmoja. Molekuli zinazogusa utando hufuata msuguo, na za katikati hufuata jirani zao, kama magari kwenye feri ya Likoni: la mbele likikaa sawa, ya nyuma hupangika. Umeme ukizigeuza, mwanga hupita au huzibwa, na picha hutokea.

Mwaka 1980, Noel Clark na Sven Lagerwall walionyesha njia ya kutumia aina nyingine, ya feroelektriki. Waliibana kwenye upenyo wa maikromita 2 hivi, nyuso za vioo zikaizuia isijisokote. Iligeuka kwa maikrosekunde na kubaki hapo hata umeme ukikatwa. Lakini ukiibonyeza, tabaka zake huvurugika na hazijipangi tena zenyewe. Hiyo ni sababu moja ya kutoenea kwake.

LCD ya kawaida ni stahimilivu. Ukiibonyeza, rangi huyumba kisha hurudi. Hata ikiwa nyeusi kwa jua kali, ikipoa hurudi, maana utando wa kuielekeza bado upo. Kioo cha ndani kikipasuka, fuwele huvuja na hewa huingia. Hakuna kibanda kinachoweza kuijaza upya.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa: picha ikiwa safi, huenda kilichovunjika ni kioo cha juu tu, uliza bei ya hicho. Doa likikua, badilisha LCD nzima, na usimlipe anayeahidi kulifuta. Simu za OLED hazina fuwele hizi, lakini doa lake pia halifutiki.